Kula na kunywa katika mji mdogo wa Ucheki: mwongozo kamili wa siku moja Třeboň

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji waliopita miji midogo ya Ucheki yanafanana mno. Mmoja alifika saa 9 alasiri akakuta jiko limefungwa, akaishia kula mkate mkavu kituo cha treni. Mwingine aliagiza samaki, bili ikaja mara mbili ya bei aliyoisoma kwenye menyu. Wa tatu alimaliza bia moja, ya pili ikaletwa bila yeye kusema neno, kisha ya tatu. Na wapo walioepuka nguruwe kwa bidii zote, wakaagiza nyama ya ng'ombe, kumbe imepachikwa vipande vya mafuta ya nguruwe.

Chanzo cha karibu yote haya ni kimoja: mgeni anakula kwa saa za mgeni. Mji wa watu elfu nane hivi hauwezi kuwapikia watalii kutwa nzima. Unawapikia wakazi wake, na wakazi wake hula mlo mzito mchana, mapema, siku za kazi. Ukiipanga siku yako kuzunguka mlo huo, mengine yote yanajipanga.

Mfano wangu ni Třeboň (tamka karibu na "Trshebony"), kusini mwa Bohemia. Una mabwawa ya samaki mlangoni, kiwanda cha bia ndani ya mji mkongwe, na uwanja wa katikati unaouzunguka kwa dakika chache. Hatua hizi zitakufaa hata Telč, Tábor au Jindřichův Hradec, isipokuwa suala la samaki, ambalo Třeboň ndiyo bingwa wake.

Vitu vya kuwa navyo

- Koruna taslimu, kama 1,500 kwa mtu mmoja. Kadi hupokelewa sehemu nyingi, lakini vibanda na baa ndogo huenda zisiipokee. Euro moja ni karibu koruna 24 au 25. Palipo na baa inayopokea euro, kiwango hupangwa na mwenye baa, na wewe ndiye utakayeumia.
- Ratiba ya treni au basi la kurudi, hasa saa ya mwisho. Iandike kwenye karatasi. Simu huishiwa chaji.
- Viatu vya kutembelea. Kati ya milo miwili mikubwa ya Kicheki, kutembea ni lazima.
- Programu ya kutafsiri kwa kamera, Kicheki kikiwa kimeshapakuliwa. Menyu ya mchana mara nyingi haina lugha nyingine.
- Pasipoti au kitambulisho. Umri wa kunywa pombe ni miaka 18.

Onyo kuhusu ATM: mashine ikikuuliza kama ikukatie kwa sarafu ya benki yako, kataa, chagua koruna. Ukikubali, unakatwa kwa kiwango kibaya.

Maneno machache yanayofungua milango

Mkazo wa Kicheki huwa kwenye silabi ya kwanza, si ile ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea sisi. Sema KA-pr, PI-vo, PO-lefka, na utaeleweka.

- Dobrý den (dobri den): salamu. Isemwe kila unapoingia, hata duka la mikate.
- Prosím (prosiim): tafadhali.
- Je tu volno? (ye tu volno): hapa pana nafasi?
- Polévka (polefka): supu.
- Ještě jedno (yeshtye yedno): niongezee moja.
- Bez vepřového (bez vepshoveho): bila nyama ya nguruwe.
- Bez masa: bila nyama.
- Zaplatím (zaplatiim): nataka kulipa.

Usiipuuze salamu. Katika miji hii, mtu anayeingia kimya na kuanza kuita mhudumu kwa mkono huonekana hana adabu, na huduma hupoa papo hapo.

Hatua ya 1: Chagua siku sahihi

Nenda Jumanne, Jumatano, Alhamisi au Ijumaa. Menyu ya mchana ya bei nafuu, inayoitwa polední menu au denní menu, kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa tu. Jumatatu naiondoa kwa sababu migahawa mingi ya miji midogo huitumia kupumzika. Wikiendi utakula vizuri pia, ila kwa bei ya menyu kubwa, na ukishindania meza na familia zilizotoka Praha na České Budějovice.

Saa za kufungua hubandikwa mlangoni kwa vifupisho: Po, Út, St, Čt, Pá, So, Ne, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Ukiona neno zavřeno mbele ya siku, basi siku hiyo wamefunga. Saa ni za mfumo wa 24, kwa hiyo 11:00 ni saa 5 asubuhi yetu, na 20:00 ni saa 2 usiku.

Ukiweza kuchagua mwezi, chagua Oktoba. Ndipo mabwawa makubwa yanapofunguliwa maji na samaki kuvunwa kwa nyavu, kazi inayoitwa výlov. Watu husimama kingoni kutazama, na vibanda hukaanga samaki palepale.

Hatua ya 2: Fika kabla ya saa 4 na nusu asubuhi

Kutoka Praha, panda treni ya kwenda České Budějovice, ushuke Veselí nad Lužnicí na kubadili kuelekea České Velenice. Zipo pia treni zinazofika bila kubadilisha. Mji una vituo viwili, Třeboň na Třeboň lázně, na kutoka chochote kati ya hivyo unaweza kutembea hadi mji mkongwe. Kutoka České Budějovice kuna mabasi; umbali ni kama kilomita 25.

Usije na gari kama unakusudia kunywa. Sheria ya Ucheki haimruhusu dereva kuwa na kiasi chochote cha pombe mwilini, hata glasi moja ndogo. Na kama umekodi baiskeli, maliza safari yako ya baiskeli kabla ya bia ya kwanza.

Hatua ya 3: Kifungua kinywa kiwe kidogo

Hapa wengi hujiharibia. Hoteli inawapa meza iliyojaa soseji, jibini na mayai, wanashiba, na saa 5 na nusu tumbo halina nafasi. Leo kula kama wanavyokula wenyeji wanaowahi kazini: rohlík moja, yaani mkate mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga, au koláč moja kutoka duka la mikate, pekárna. Koláč ni mkate mtamu wa duara wenye kujazwa katikati. Mweusi ni wa mbegu za mpopi ziitwazo mák, mweupe ni wa jibini laini liitwalo tvaroh, na wa zambarau iliyokolea ni wa povidla, rojo la matunda ya plamu lililochemshwa mpaka likaganda.

Ukiona vipande vya mkate mweupe vilivyopambwa kwa saladi ya viazi, yai na nyama, hivyo ni chlebíčky. Ni vitamu sana. Juu yake mara nyingi huwa na hemu ya nguruwe, kwa hiyo anayeepuka aangalie vizuri.

Umefanikiwa hatua hii kama saa 5 asubuhi unaanza kuhisi njaa.

Hatua ya 4: Mlo wa mchana, saa 5 na nusu

Hatua hii nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayobeba siku.

Ingia mgahawani 11:30, si 13:30. Vyakula vya menyu ya mchana hupikwa asubuhi kwa sufuria kubwa, na vikiisha vimeisha. Kufika saa 7 mchana, vile vizuri vimeshafutwa ubaoni. Baada ya saa 8 menyu hiyo huondolewa kabisa, na baadhi ya majiko hulala mpaka jioni.

*Kukaa.* Meza yenye kibao cha Reserve au Rezervé imeshachukuliwa, usiiguse. Nyingine kaa tu. Kama meza zote zina watu lakini viti vipo, uliza "Je tu volno?" na ukae. Kushiriki meza na usiowajua ni jambo la kawaida, na hakuna anayekulazimisha mazungumzo. Tundika koti kwenye kulabu.

*Kusoma menyu.* Vichwa ni hivi. Polévky ni supu. Hotová jídla ni vyakula vilivyokwisha kuiva, vinavyopakuliwa na kuletwa ndani ya dakika chache. Minutky hupikwa baada ya kuagizwa, hivyo husubiriwa. Přílohy ni vya kusindikizia: viazi, wali, chipsi. Moučníky ni vitamu vya mwisho, nápoje ni vinywaji.

Zingatia přílohy. Hotová jídla huja na kisindikizio chake, lakini kwenye minutky nyama au samaki huwa peke yake sahanini, na viazi unavinunua mbali. Ukiagiza minutka bila příloha utaletewa kipande cha nyama na jani la saladi, na mhudumu hatakuwa na kosa.

Tarakimu ndogo zilizo pembeni ya jina la chakula, kwa mfano 1, 3, 7, 9, si bei wala idadi. Ni namba za vizio: 1 ni ngano na jamaa zake, 3 mayai, 4 samaki, 5 karanga, 7 maziwa, 9 seleri, 10 haradali. Mwenye mzio wa karanga anatafuta 5, basi. Nayo gramu, kama 150 g, ni uzito wa nyama kabla ya kupikwa.

*Kuagiza.* Anza na supu. Mcheki akikosa supu mchana huona mlo haujakamilika. Ukiwa kusini mwa Bohemia na ubaoni kumeandikwa kulajda, usifikiri mara mbili. Ni supu nyeupe nzito ya malai yaliyochachuka kidogo, viazi na uyoga, yenye siki kwa mbali na majani ya kopr, yenye harufu inayokaribiana na shamari. Katikati huelea yai. Litoboe kwa kijiko taratibu, kiini kimwagikie supuni, kisha koroga mara moja tu. Ukali wa siki unatulia na supu inakuwa laini mdomoni. Bila kutoboa yai umekula nusu ya kulajda.

Chakula kikuu, kwa mara ya kwanza, kiwe svíčková na smetaně: nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, juu yake mchuzi wa rangi ya machungwa uliotokana na karoti, seleri na mizizi mingine iliyosagwa na kuchanganywa na malai. Pembeni kuna kipande cha limau, kijiko cha jamu ya matunda mekundu na tone la malai yaliyopigwa. Hivyo si mapambo. Kata nyama, iguse na jamu kidogo, izamishe kwenye mchuzi.

Vipande vyeupe vinavyofanana na mkate ni houskový knedlík, donge la unga wa ngano lililochemshwa kisha kukatwa. Kikiliwa kikavu hakina ladha, na wageni wengi hukisukuma kando. Kazi yake ni ile ya ugali: kubeba mchuzi. Kigawanye kwa uma, kisha futia nacho sahani mpaka iwe safi. Mhudumu akiiona sahani isiyo na mchuzi uliobaki, anajua umekielewa chakula chake.

*Kunywa.* Ukisema "voda" peke yake huenda ukaletewa chupa ya maji yenye gesi, ya kulipia. Yasiyo na gesi ni neperlivá. Maji ya bomba ni kohoutková, na sehemu nyingine huyatoza pia. Mimi mchana nashauri Kofola ya bomba (točená), kinywaji cheusi cha Kicheki kisicho na pombe, chenye uchungu mzuri wa mitishamba na sukari isiyozidi. Bia iache kwanza. Mchana ni mrefu.

Mlo huu, supu na chakula kikuu, kwa miaka hii mara nyingi huwa kati ya koruna 150 na 220. Jioni sahani hiyohiyo utailipia zaidi.

Kwa asiyekula nguruwe

Soma sehemu hii kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu nguruwe wa Ucheki hujificha. Vepřové ni nyama yake, na hiyo ni rahisi kuiona. Ngumu ni hizi: slanina na špek (bekoni), šunka (hemu), sádlo (mafuta), škvarky (vipande vya mafuta vilivyokaangwa), klobása na párek (soseji).

Svíčková ya asili hutobolewa na kupachikwa slanina ndani ya nyama ya ng'ombe kabla ya kupikwa. Guláš ya ng'ombe mara nyingi huanza na kitunguu kilichokaangwa kwa sádlo. Hata samaki anaweza kukaangwa kwa mafuta hayo. Kwa hiyo kuuliza "ni ng'ombe?" hakutoshi. Uliza: "Je v tom slanina nebo sádlo?", yaani ndani yake mna bekoni au mafuta ya nguruwe? Jibu la "ano" ni ndiyo, "ne" ni hapana.

Sahani zilizo salama zaidi ni kulajda (uliza kama maji yake ni ya nyama), smažený sýr, yaani jibini lililoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa kwa mafuta mengi, na ovocné knedlíky, madonge yaliyojazwa matunda, yaletwayo na siagi na tvaroh kama mlo kamili. Kumbuka kwamba karai la kukaangia huenda likatumika kwa kila kitu. Nyama ya kuchinjwa kihalali usitarajie kuipata katika mji wa ukubwa huu. Tegemea samaki, mayai na maziwa.

Asiyekunywa pombe naye aangalie mambo mawili. Bia iitwayo nealko inaruhusiwa kuwa na pombe kidogo, hadi asilimia 0.5. Na keki zenye neno rum au punč zina pombe kweli.

Hatua ya 5: Tembea

Toka mji mkongwe upande wa kusini na utafika bwawa la Svět, lililo jirani kabisa na nyumba za mji. Kuna njia ya kulizunguka yenye kilomita kama 12. Si lazima uimalize. Saa moja kwenye kingo zake inatosha kumeng'enya knedlík. Ukiruka hatua hii, hatua ya 8 haitakupendeza.

Hatua ya 6: Kahawa na kitamu, kati ya saa 8 na saa 9 alasiri

Ingia cukrárna, duka la keki. Utaona vitu kwenye kabati la kioo. Onyesha kwa kidole, inakubalika. Chagua větrník, kitumbua chepesi cha kuoka kilichopasuliwa na kujazwa krimu mbili, juu kimepakwa sukari iliyoungua. Kile kidogo kinatosha. Keki za matunda zenye tabaka la jeli zinaweza kuwa na želatina ya nguruwe, hivyo anayeepuka achague medovník, keki ya asali ya tabaka nyembamba.

Trdelník, ule mkate wa kuviringishwa kwenye mti unaouzwa Praha kwa watalii, usiutafute hapa. Tumbo lako leo lina kazi bora zaidi.

Hatua ya 7: Bia, kuanzia saa 10 jioni

Kiwanda cha bia cha Bohemia Regent kiko ndani ya mji, jirani na kasri la kale, na bia yake utaikuta kwenye baa nyingi za hapa. Kunywa hiyo. Bia iliyosafiri mita mia chache haifanani na ya chupa iliyozunguka maghala.

*Elewa namba.* Utaona 10°, 11°, 12°. Si asilimia ya pombe. Ni kipimo cha sukari iliyokuwamo kwenye rojo la shayiri kabla ya kuchachuka. Desítka, ya 10, huwa na pombe kama asilimia 4. Dvanáctka, ya 12, kama asilimia 5. Wasomaji wawili walioniandikia walidhani wamekunywa bia ya asilimia 12 wakaogopa kuongeza. Ya kuogopa ni zile za 14 na kupanda, kama Prezident ya Regent, ambayo hufika asilimia 6 na hupita kooni kwa ulaini unaodanganya.

*Agiza kwa mpangilio.* Anza na desítka nyepesi, kisha dvanáctka, malizia na nyeusi, tmavé. Ukianza na nyeusi, utamu wake wa kimea utaizima ile nyepesi. Velké ni nusu lita, malé ni 0.3. Hakuna aibu kuagiza malé, ingawa nusu lita huwa na povu zuri zaidi.

*Povu.* Hapa ndipo mgeni hugombana na mhudumu bure. Bia ya Kicheki hujazwa kwa namna inayoitwa hladinka: povu zito, lenye unyevu, upana wa vidole vitatu hivi. Povu hilo huzuia hewa isiifikie bia, na ladha ikabaki hai mpaka chini. Hujaibiwa. Angalia mstari wa kipimo kwenye glasi: povu likitulia, bia iufikie. Kuna pia šnyt, bia kidogo na povu jingi, na mlíko, glasi ya povu karibu tupu, tamu, inayonywewa mara moja kabla haijageuka maji.

Alama ya bia nzuri na glasi iliyooshwa vizuri ni hii: kila ukinywa mkupuo, povu linaacha pete ndani ya kioo. Ukimaliza kwa mikupuo mitano, unaweza kuzihesabu pete tano. Glasi yenye mabaki ya sabuni au mafuta haiwezi kufanya hivyo.

*Kile kikaratasi.* Bia ya kwanza itakuja na karatasi ndefu iliyochorwa mstari mmoja. Kila bia ni mstari mwingine. Hiyo ndiyo bili yako. Usiichore, usiikunje, usiipoteze.

*Kusimamisha.* Katika baa za kienyeji, glasi inapokaribia kuisha, mhudumu huleta nyingine bila kuuliza. Ukitosheka, chukua kile kigae cha karatasi kinachokaa chini ya glasi na ukifunike juu yake. Ataelewa. Kusubiri mpaka imeshajazwa ndipo useme hapana ni kuwatia hasara.

Mambo mawili ya adabu: mnapogonganisha glasi mkisema "Na zdraví", mtazamane machoni. Na usimimine bia iliyobaki kwenye mpya. Kwao ni kuziharibu zote mbili.

Cha kutafuna pamoja na bia, chukua nakládaný hermelín, jibini laini lililolowekwa kwenye mafuta, kitunguu na pilipili. Utopenec ni soseji ya nguruwe ya siki, kwa anayekula. Ndani hakuvutwi sigara. Sheria imepiga marufuku tangu 2017.

Bia mbili au tatu zinatosha kabla ya samaki. Baada ya hapo ulimi umechoka.

Hatua ya 8: Samaki, saa 11 na nusu jioni

Kaa mezani 17:30 au 18:00. Majiko mengi hufunga 20:00 au 21:00, na neno "wazi mpaka 22:00" mlangoni huhusu bia, si chakula.

Samaki wa mji huu ni kapr, anayekuzwa kwenye mabwawa ya jirani. Kabla ya kuuzwa hukaa kwenye maji safi yanayopita, ili harufu ya tope imtoke. Ndiyo maana aliyeonja kapr wa kwingine akamchukia ampe huyu nafasi.

*Bei kwanza.* Tafuta maandishi "cena za 100 g", bei kwa gramu 100. Ukiyaona, bei uliyosoma si ya samaki mzima. Samaki wa gramu 350 utamlipia mara tatu na nusu. Uliza uzito kabla hajaingia jikoni. Hii ndiyo bili iliyowashtua wasomaji wangu wengi.

*Chagua kwa kufuata uzoefu wako wa miiba.* Aliyezoea sato atashangaa: kapr ana miiba midogo yenye umbo la Y, iliyojificha katikati ya nyama ya mgongo, haijaungana na uti. Kama ni mara yako ya kwanza, agiza kapří hranolky. Mpishi huchanja minofu kwa kisu kikali kila baada ya milimita chache mpaka miiba hiyo ikatike, kisha anaikata vijiti, anaipitisha kwenye unga na kuikaanga ikauke. Miiba iliyokatika huiva mpaka usiisikie. Kamulia limau, kula kwa vidole kama uko kibandani.

Anayetaka kipande kizima aagize kapr na kmíně, aliyenyunyiziwa kmín, mbegu za harufu, akakaangwa bila kuvikwa chochote. Anza kula upande wa tumbo, ambako kuna mbavu kubwa zinazoonekana na nyama yenye mafuta matamu. Kisha mgongo: usikate kukatisha. Ingiza uma kando ya uti na uvute nyama kuelekea nje, sambamba na miiba, nayo itabaki imesimama ukaichomoa moja moja. Mezani usizungumze sana wakati huu. Mtoto mdogo mpe candát, ambaye minofu yake ni mieupe, imara, na miiba yake ni michache.

Kisindikizio ni viazi vya kuchemsha, au bramborový salát, saladi ya viazi yenye mayonezi, ambayo Wacheki huila na kapr wa kukaanga usiku wa tarehe 24 Desemba.

Umefanikiwa kama sahani imebaki na uti, ngozi kidogo na rundo dogo la miiba pembeni, na nyama yote imekwisha. Weka kisu na uma sambamba sahanini. Hiyo ni ishara kwamba umemaliza, na itaondolewa haraka. Si kwamba unafukuzwa.

Hatua ya 9: Kulipa

Sema "Zaplatím, prosím". Mkiwa wengi utaulizwa "dohromady" (pamoja) au "zvlášť" (kila mtu zake). Kikapu cha mkate au vijiti vya chumvi vilivyokuwa mezani tangu mwanzo huhesabiwa kwa ulichokula, hivyo kumbuka idadi.

Bahashishi hutolewa papo hapo wakati wa kulipa, haiachwi mezani. Bili ikiwa 365, sema jumla unayotaka ikatwe, "čtyři sta" (400), ukitoa noti au kabla ya kugusisha kadi. Karibu asilimia 10 kwa huduma nzuri inatosha. Onyo: ukimpa noti ya 500 huku ukisema "děkuji", asante, ataelewa kwamba chenji ni yake.

Ukikuta mambo yamekwama

Umechelewa na jiko limefungwa? Usizunguke uwanja ukisihi. Ingia baa yoyote yenye bia na uulize "něco k pivu", kitu cha kusindikiza bia. Hermelín, tlačenka (nyama ya nguruwe iliyogandishwa) au utopenec huwa tayari kwenye friji, havihitaji mpishi, na huja na mkate. Baa nazo zikikosa, jaribu maduka makubwa ya chakula, isipokuwa baadhi ya sikukuu za taifa, ambapo sheria huyalazimisha kufunga. Angalia kalenda ya Kicheki kabla ya kusafiri.

Umeletewa usichoagiza? Onyesha mstari kwenye menyu kwa kidole na useme "prosím" kwa utulivu kabla hujakigusa. Ukishakionja, ni chako.

Bili ina mistari mingi kuliko bia ulizokunywa? Omba muihesabu pamoja pale mezani, mstari kwa mstari, kabla hujatoa pesa. Mara nyingi utagundua mwenzako alichukua moja kaunta ulipokuwa msalani, ambako, kwa taarifa yako, mlango wa wanaume umeandikwa páni au muži, na wa wanawake dámy au ženy.